Dirisha la Léontine

Nilimhudumia Léontine Faurie miaka kumi na mmoja, asubuhi na jioni isipokuwa Jumapili, na watu wakiniuliza alikuwa mtu wa namna gani nawaambia alikuwa mkaidi. Wanacheka, wanadhani namsifu. Namsifu, ndiyo, lakini pia nalalamika, maana ukaidi wake uliniingiza katika jambo ambalo mpaka leo sijatoka.

Alizaliwa Chantegrel mwaka 1934, katika chumba cha juu kinachotazama bonde, na kitanda alichozaliwa juu yake ndicho alichokuwa akilalia nilipoanza kazi kwake. Babu yake alifanya biashara ya jozi, zile kokwa tunazokamua mafuta, akapata pesa, akajenga nyumba kubwa kuliko akili yake: vyumba kumi na vinne, mnara mmoja, na paa lililoanza kuvuja kabla hajafa. Léontine aliolewa na Fernand mwaka 1957. Walichuma jozi pamoja, wakagombana, wakapatana, mwishowe akamzika. Jioni alikula supu ya vitunguu saumu, na ikibaki kidogo chini ya bakuli alimimina mvinyo mwekundu humo humo, akainua bakuli kwa mikono miwili na kumaliza yote. Daktari alimkataza. Daktari alitangulia kufa.

Paa lilipomshinda aliuza nyumba kwa ule mkataba wetu ambao mnunuzi hulipa kidogo kila mwezi, na muuzaji hubaki ndani mpaka siku yake. Akifa, nyumba yote ni ya mnunuzi. Ni biashara inayofanya mtu aulizwe hali yake kwa hamu isiyo ya kawaida. Mnunuzi mwenyewe, Régis Delmond, alikuwa mtu wa Bordeaux, umri wa miaka arobaini hivi, si mbaya, ana haraka tu. Alitengeneza paa, akapanda mawaridi, akaligeuza ghala kuwa ukumbi, na watu wakaanza kuja kutoka miji ya mbali kufanyia harusi zao kwetu, kwenye mashamba ambayo watoto wetu wanayakimbia.

"Bibi, hujambo leo?" Régis alimuuliza kila alipomkuta.

"Sijambo, mwanangu. Pole sana."

Naye hucheka, kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole.

Léontine alikuwa amejibakishia jiko dogo la chini na kile chumba cha juu, na kile chumba ndicho Régis alichokitamani. Kilikuwa na dirisha kubwa lenye roshani ya chuma, juu ya ua wote. Kila bibi harusi aliyekuja kutazama nyumba alishuka kwenye gari, akainua macho, akalinyooshea kidole. Lakini dirisha lilikuwa limefungwa, na mbao zake za nje pia, na kijiji kizima kilijua limefungwa tangu Februari 1967.

Kwetu mtu akikata roho, dirisha hufunguliwa papo hapo, roho ipate njia. Hata wasiokanyaga kanisani hufanya hivyo. Josette, mtoto pekee wa Léontine, alikufa kwa homa ya ubongo akiwa na miaka tisa, mchana, katika chumba hicho, nje theluji ikianguka. Léontine aliinuka akashika komeo. Fernand, ambaye akili ilikuwa imemruka, akamwambia, "Usifungue. Mtoto ataona baridi." Naye akaliachia komeo. Walifungua kesho yake, fundi alipoleta jeneza. Wiki hiyo hiyo Léontine akaanza kusikia viatu vidogo vikitembea sakafuni, kutoka kitandani hadi dirishani, kisha kurudi. Akalifunga dirisha na hakulifungua tena.

"Kama hajatoka, basi hana wa kumtoa ila mimi," aliniambia mwaka wangu wa kwanza. "Nikifa, Arlette, ufungue hapo hapo. Siyo baada ya kumwita daktari, siyo baada ya kulia. Tutatoka wawili. Na nikifia kwingine, atabaki humu peke yake na walevi wa harusi. Apa."

Nikaapa. Mimi siamini mizimu. Viatu nilivisikia mara mbili tatu, nikasema ni panya, nikaweka mtego, mtego ukakaa miaka bila kunasa kitu.

Maud na mchumba wake Thibaut walikuja mwezi wa Septemba, kutoka Brussels. Walikuwa wameshatazama nyumba sita kwa siku tatu: katika moja zilisikika kelele za barabara kuu, nyingine ilikuwa na tausi wanaolia kama watu wanaochinjwa, nyingine mwenyewe alitaka muziki uzimwe saa nne. Walichoka, na Thibaut alikwisha kulipenda bonde kabla hajazima gari. Régis alichagua kuwapandisha juu saa sita na nusu, akijua saa hizo Léontine yuko mezani. Hakujua kwamba siku hiyo goti lilimkatalia ngazi. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa kabati nikipanga mashuka, naye alikuwa ameketi kwenye kiti chake chenye mgongo mrefu akilitazama dirisha lililofungwa, mgongo kwa mlango, hata kichwa hakionekani.

"Hiki ndicho chumba cha bibi harusi," Régis akasema. "Pale tutafungua. Unatokea roshani na gauni lako, wageni wote wako chini yako."

Thibaut alivitazama vitu vilivyokuwa kando ya kitanda. "Kuna mtu anakaa humu?"

"Kwa sasa. Mwezi wa Juni kitakuwa wazi. Nawahakikishia."

Maud aligeuka ghafla, akatazama chini nyuma yake, akalikusanya pindo la koti lake jekundu.

"Thibaut, acha."

"Niache nini?" Alikuwa hatua nne mbali naye.

Hapo ndipo sauti ikatoka kwenye kiti. "Juni tarehe ngapi?"

Sijaona mtu akipoteza rangi kama Régis. Maud ndiye aliyejibu, kwa sababu alilelewa vizuri. "Tarehe kumi na nne, bibi."

"Jumamosi?"

"Ndiyo. Jumamosi."

"Basi nitajitahidi," akasema Léontine.

Waliteremka. Mimi nikatoka kabatini na mashuka mkononi, nikamuuliza atajitahidi nini.

"Kufa kabla, au kuishi mpaka siku hiyo. Bado sijaamua. Funga huo mlango, kuna upepo."

Mkataba wa harusi ulitiwa saini hata hivyo. Thibaut hakutaka kwenda kutazama nyumba ya nane.

Majira yale ya baridi Léontine alidhoofika, lakini akapata shughuli. Alikuwa na Juni ya kuifikiria. Nikimkuta amefumba macho najua hajalala, anahesabu. Watu wa kwetu wana adabu zao katika kufa: hufi wakati wa kukata majani, hufi wakati wa kuchuma jozi, huwaharibii wenzio kazi. Na nyumba yenye maiti haichezwi ngoma. Akifa siku tatu kabla, harusi imekwisha. Akiishi, chumba hakipatikani. Nilimwambia yote hayo si kazi yake, ni ya Régis aliyeuza asichokuwa nacho. Akasema Régis ni mtoto.

Mwezi wa Februari Maud akaja peke yake, kwa treni na gari la kukodi, amekonda. Alikuta nimemkalisha Léontine karibu na jiko. Hakuvua hata glavu.

"Bibi, nimekuja kukuomba radhi. Silali. Kila nikifumba macho nakusikia ukiniuliza tarehe. Tunatafuta mahali pengine."

"Umenizika, halafu hutaki hata kuja kwenye sherehe?"

Msichana akaanza kulia. Mimi nikaingilia kati, nikasema, "Bibi, mwache bwana, umemtesa vya kutosha." Akanikata jicho. Kisha akamwambia Maud aketi, akamwekea mkate na jamu mwenyewe, na akamngoja ale.

"Kuna jingine," Maud akasema baadaye. "Siku ile, kule juu. Nani alinivuta koti?"

Nilitaka kusema panya, nikaona aibu. Léontine akamsimulia yote: homa, theluji, neno la Fernand, komeo, viatu. Alisimulia bila kulia, kwa sauti ya mtu anayeeleza njia kwa mgeni.

"Koti lako lilikuwa jekundu," akamalizia. "Alipenda nyekundu. Usimwogope, hana lolote, anachoka kukaa ndani tu. Sasa nisikilize. Mje. Nami nikiwa hai siku hiyo, chumba sikitoi, lakini utavalia gauni lako humo, mbele yetu."

"Mbele yenu?"

"Yangu na yake. Hajaona bibi harusi kwa karibu."

Maud aliniangalia mimi, nadhani akitafuta mtu mwenye akili timamu chumbani. Nikatazama sufuria. Mwishowe Maud akasema, "Nitakuja, bibi," na nikaona anaogopa, na nikaona hatavunja ahadi.

Aprili Régis alileta karatasi zenye picha za nyumba ya wazee kule Périgueux. Alizitandaza mezani kwa upole. "Wana wauguzi, bibi. Wana bustani."

"Hata mimi nina bustani. Umeipanda wewe mwenyewe." Akamrudishia karatasi. "Mwanangu, huna haja ya kunihamisha. Ningoje tu. Nami nakungoja."

Nilimhurumia Régis siku hiyo. Aliondoka akasimama kwenye mawaridi yake, mikono mfukoni, kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya.

Wiki ya kwanza ya Juni hakushuka tena ngazi. Mguu ulivimba, pumzi ikawa fupi, na daktari mpya, binti mdogo mwenye heshima, akaniambia mlangoni nisiende mbali. Jumatano ya wiki ya harusi Léontine alinishika mkono.

"Arlette. Nikifa wiki hii, usimharibie yule mtoto siku yake."

"Sawa, bibi. Na dirisha?" Maana yeyote wa kijijini akiliona wazi atajua, na wapishi wote ni wa kijijini, na wapiga muziki pia.

Alifikiri mpaka nikadhani amesinzia.

"Dirisha kwanza," akasema. "Harusi atapata nyingine. Sisi hatupati dirisha jingine."

Sikusikia vibaya. Nataka ieleweke hivyo. Aliniambia waziwazi, na akili zake zote zilikuwepo.

Jumamosi alfajiri alikuwa macho kabla yangu. Nilimwosha, nikamchana, nikamvalisha gauni la kahawia la sikukuu, nikampandishia mito nyuma ili amwone Maud vizuri. Alikunywa kahawa vijiko viwili. Aliniuliza kama kuna jua. Nikasema lipo. Saa tatu alitazama dirishani, akasema, "Haya, vaa viatu," na si kwangu. Kisha pumzi ikatoka, nami nikangoja nyingine, na nyingine haikuja.

Nilikwenda dirishani. Nilishika komeo. Kupitia ufa wa mbao za nje nikauona ua wote: vitambaa vyeupe, wasichana wetu wakipanga glasi, mpiga kinanda akijaribu kinanda chake, na Yvon mchinjaji, mtoto wa ubatizo wa Léontine, akigeuza kondoo wanne juu ya moto. Yvon akiona dirisha hili linafunguka atamwaga maji motoni. Hakuna wa kwetu atakayebeba sahani wala kupiga muziki. Watu mia wametoka Ubelgiji. Nikamfikiria Maud. Na kwa kuwa nimeamua kusema ukweli, nilimfikiria na Régis pia, aliyekwisha kuniahidi kazi ya vyumba mgonjwa wangu akiondoka. Nikasema dakika tano tu. Msichana avae kwanza.

Nikaliachia komeo.

Kwa muda wa saa mbili nilikaa kwenye kiti kile kirefu. Nilimfumba macho, nikampangia mikono. Na vile viatu nikavisikia, mimi nisiyeamini, kutoka kitandani hadi dirishani. Vikasimama. Vikarudi. Vikaenda tena, kwa haraka zaidi, na safari hii vilikuwa viwili viwili, vidogo na vizito, kama mtu mzima anaongozwa mkono. Nikasema kwa sauti, "Subirini kidogo." Nilimwambia hivyo maiti, na mtoto aliyesubiri karibu miaka sitini.

Saa tano Maud akaingia, gauni limelazwa mikononi mwake.

"Amelala," nikasema. "Tusimwamshe."

Akavaa pole pole, akinong'ona. Gauni lilikuwa na vifungo vingi vidogo mgongoni, nami nikavifunga, vidole vikiwa baridi hata akashtuka vilipomgusa. Kimoja nilikikosea nikaanza upya. Alimaliza, akageuka, uso umejaa furaha na woga, akaenda kitandani kama alivyoahidi.

"Bibi, tazama. Tazameni." Akainama akambusu kwenye paji la uso.

Hakuinuka. Alibaki ameinama, na mgongo wake wenye vifungo vyote vile ukawa mgumu.

"Tangu saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Na dirisha?"

Nilisema, "Wageni wako, mwanangu. Kondoo. Watu wa hapa wakiona watazima kila kitu, na yeye mwenyewe alisema nisikuharibie." Nusu ya maneno yake, ile iliyonifaa. Aliinuka akanitazama. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Arlette, njoo unisaidie. Hili komeo limeshika kutu."

Tulivuta wawili, yeye na gauni lake, mimi na aproni yangu. Kioo kilifunguka, vumbi na nyigu wakavu wakatumwagikia, kisha akazisukuma zile mbao kwa viganja vyote viwili, na mwanga ukaingia chumbani mara ya kwanza tangu theluji ile.

Chini, wageni wa Brussels walimwona bibi harusi amesimama kwenye roshani. Wakapiga makofi. Wakapiga miluzi, Thibaut akainua mikono, mpiga picha akakimbia hadi katikati ya ua. Yvon aliinua macho, akaweka chini fimbo ya chuma, akavua kofia. Wasichana wakaacha glasi. Kinanda kikakatika. Mmoja mmoja watu wetu wakasimama wima kati ya meza, vichwa wazi, na makofi yakaendelea peke yake kwa muda, halafu yakaanza kupungua, wageni wakitazamana.

Maud hakuwa akiwatazama. Alikuwa ameingia ndani tena, amejibana ukutani, amekusanya gauni lake lote kwa mikono miwili, kama unavyompisha mtu kwenye mlango mwembamba. Alikaa hivyo muda. Mimi sikuona kitu. Pazia halikutikisika, na kitandani palikuwa kimya.

Siku ile hatukucheza. Yvon alisema nyama imeshaiva na Léontine hakupenda chakula kitupwe, basi tukala, wao na sisi kwenye meza zile zile, tukizungumza chini chini, na Maud akapanda mara tatu kukaa na maiti, na lile gauni lake jeupe. Jumanne tulimzika kando ya Josette. Watu wanasema ilikuwa harusi nzuri kuliko zote zilizowahi kufanyika Chantegrel. Labda.

Sasa chumba ni cha mabibi harusi, kama Régis alivyowahakikishia, na dirisha hufunguliwa kila siku. Kazi aliyoniahidi amenipa. Wachumba wanakuja kutazama, wanapenda mwanga, wanatia saini, na hakuna aliyewahi kulalamika kuhusu viatu wala koti. Régis anasema ni ushahidi wa kutosha kwamba wametoka. Lakini yeye hakuwa pale. Hakuona mkono wangu ukiliachia komeo, na hajui kama njia iliyopaswa kufunguliwa saa tatu ilikuwa bado ipo saa tano. Fernand alimwachisha mkewe komeo kwa upendo, kichwa kikiwa kimemruka. Mimi nilikuwa na akili zangu.

Kila asubuhi napanda na ndoo yangu, nasimama nje ya mlango, nabisha hodi. Nasikiliza. Mpaka sasa hakuna aliyeniitikia, na bado siingii kabla sijaomba radhi.